Usiseme "Albino" Kabla Hujaona Pua: Jinsi ya Kumtambua Mnyama wa Rangi Isiyo ya Kawaida

Jumapili jioni, watu wakishatoka Msitu wa Karura na mbuga ya Nairobi, simu yangu haitulii. "Kaka, cheki hii, tumeona albino!" Mimi ni dereva wa watalii, naishi Rongai, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaonyesha wageni wanyama, kwa hiyo ndugu, majirani na hata wateja wa zamani wameshaniteua kuwa mwamuzi wa mambo haya. Picha nyingi huwa ni yangeyange, au mtoto wa mbega, au nyati aliyetoka kugaragara kwenye tope. Ila mara moja moja huja picha inayonifanya nisimamishe gari kando ya barabara niitazame vizuri. Nimechoka kurekodi majibu yale yale kwa sauti, basi nimeandika hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Waondoe kwanza wale wa kawaida

Anza na mbega, maana Nairobi hao ndio wanaodanganya watu kuliko mnyama mwingine yeyote. Mbega walihamishiwa Karura kutoka Kipipiri, upande wa Nyandarua, katika miaka ya 2010, na sasa wanazaliana humo. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepepe, uso wake wa waridi, wala hana hata unywele mmoja mweusi. Akikaribia miezi mitatu au minne ndipo anapofanana na wakubwa: mwili mweusi, na joho refu jeupe mabegani. Ukiona kitoto cheupe kimeshikwa kifuani na jike, kisha jike mwingine anakuja kukichukua, halafu wa tatu, tulia. Majike wa mbega hupokezana watoto hivyo. Huyo ni mtoto wa kawaida kabisa mwenye shangazi wengi. Cha kukushtua ni mbega mkubwa aliye mweupe mwili mzima.

Pili, tope. Ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya udongo wa Tsavo, na hakuna anayesema ni jamii nyingine. Hapa kwetu vifaru na nyati hugaragara matopeni, tope likikauka linageuka kijivu cheupe, na kwa mbali mnyama anang'aa. Tafuta mstari: tope huishia mahali fulani, hupasukapasuka kwenye mikunjo ya ngozi, na mara nyingi halifiki ndani ya sikio. Rangi ya kuzaliwa haina mstari wa namna hiyo.

Umri nao hubadilisha rangi. Twiga dume huzidi kuwa na mabaka meusi kadiri anavyozeeka, kwa hiyo ukiwakuta dume mzee na jike kijana wamesimama pamoja unaweza kudhani mmoja wao ana kasoro. Mtoto wa pundamilia ana milia ya kahawia na manyoya yaliyosimamasimama, na hilo lisikusumbue.

Halafu kuna ndege wenye sare mbili. Shakivale, yule ndege mwindaji anayependa kukaa juu ya nguzo za umeme ukielekea Naivasha, kwa kawaida ana kifua cheupe na mkia wa rangi ya kutu. Lakini wapo walio weusi kifuani na tumboni, na huku kwenye nyanda za juu si adimu hata kidogo. Kuna pia ndege mdogo wa misituni wa rangi ya kutu ambaye dume lake lina mkia mrefu kama utepe. Baadhi ya madume hao, hasa ukishuka upande wa Tsavo, ni weupe mgongoni na mkiani. Hiyo ni sare ya pili ya jamii hiyo, imo katika kila kitabu cha ndege. Na kunguru wetu wa Nairobi, mwenye fulana nyeupe kifuani, jamani, ndivyo alivyo. Nimetumiwa picha yake na mtu aliyezaliwa Eastleigh.

Mwisho katika hatua hii ni mwanga. Asubuhi za Julai, Nairobi ikiwa na wingu zito na baridi, simu huongeza mwangaza yenyewe na swala anageuka maziwa. Jua la saa kumi na mbili jioni nalo humpaka simba rangi ya machungwa. Mlinganishe mnyama wako na jirani yake ndani ya picha ile ile. Ikiwa wote wamepauka, tatizo ni simu.

Tazama mahali pasipo na manyoya

Ameshavuka hatua hiyo? Basi sasa achana na manyoya. Nenda kwenye jicho, pua, midomo, ndani ya sikio, kwato au makucha, na kwa ndege mdomo na miguu. Hapo ndipo jibu lilipo, na hapo ndipo watu wengi hawatazami kwa sababu weupe wa mwili umeshawalevya.

Rangi nyeusi na ya kahawia kwa mnyama hutoka kwenye melanini. Melanini hutengenezwa ndani ya seli maalumu, na kazi hiyo huhitaji vimeng'enya, mkubwa wao ukiitwa tairosinasi. Mnyama mwenye ualbino anazo seli hizo, tena mahali pake, ila kiwanda chenyewe hakifanyi kazi, kwa sababu jeni mojawapo inayohusika imeharibika. Kwa kuwa tatizo limo ndani ya kila seli, melanini hukosekana kila mahali kwa pamoja: manyoya, ngozi, kwato na macho. Pua inakuwa ya waridi. Mboni inaonekana nyekundu kwa sababu unaona damu iliyo nyuma ya jicho, hakuna pazia la kuizuia.

Leusizimu ni jambo lingine. Hapa kiwanda ni kizima, ila seli zenyewe hazikufika. Mnyama akiwa bado tumboni, seli za rangi huanzia karibu na uti wa mgongo, kisha husafiri kwenda kwenye ngozi ya mwili mzima. Zikikosa kufika, au zikifika sehemu tu, mnyama anabaki mweupe wote au mwenye mabaka meupe. Lakini rangi ya ndani ya jicho ina chanzo chake tofauti, haitegemei safari hiyo. Ndiyo maana mnyama mwenye leusizimu anaweza kuwa mweupe kama karatasi na bado akakukazia macho meusi.

Twiga weupe wa hifadhi ya Ishaqbini, kaunti ya Garissa, ndio mfano wa kujifunzia. Video yao ilipotoka mwaka 2017 watu wengi waliandika "twiga albino". Ukiitazama tena, macho ni meusi. Ni leusizimu, bila shaka yoyote. Kule Tarangire, Tanzania, aliwahi kujulikana twiga mwingine wa namna hiyo aliyeitwa Omo, mwili umepauka lakini nywele za shingoni bado zina rangi ya kutu.

Sasa onyo kuhusu macho, na hili nimefundishwa nyumbani. Mdogo wangu wa kike ana ualbino. Macho yake ni ya kijivu yanayoelekea kahawia, na tangu shuleni watu humwuliza mbona si mekundu. Kuna aina za ualbino ambazo huacha melanini kidogo, na jicho likawa la samawati, kijivu au hudhurungi iliyopauka. Wanyama nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo jicho jekundu linathibitisha mengi, lakini kukosekana kwa wekundu pekee hakufuti ualbino. Ndipo unaporudi kwenye pua na kwato. Kitu kingine alichonionyesha mdogo wangu ni jinsi macho yanavyochezacheza yenyewe, kushoto kulia, na jinsi anavyokunja uso akitoka juani. Ualbino huathiri hata njia ya mishipa ya fahamu kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Ukiweza, rekodi video ya uso wa mnyama kwa sekunde chache. Inaweza kukuambia mambo ambayo picha haiwezi.

Usiku usipime macho kabisa. Tochi ikimpiga komba, kanu au fisi, macho yanawaka mekundu, kijani au manjano kwa kila mmoja wao, kwa sababu ya tabaka linalorudisha mwanga nyuma ya jicho. Wenye bustani kule Karen hunitumia picha za kanu wa usiku wakisema macho ni mekundu. Ni mwanga wa kamera, mama.

Weusi, na michoro iliyokosea

Rangi ikizidi badala ya kupungua tunaita melanizimu. Mfano wetu mkubwa ni chui weusi wa Laikipia. Mpiga picha wa Kenya, Phoebe Okall, alimnasa mmoja pale Ol Jogi mwaka 2013. Kisha 2019 dunia nzima ikapigwa butwaa na picha za Will Burrard-Lucas, wakati watafiti wakiongozwa na Nick Pilfold walikuwa wameshamrekodi jike mweusi huko Loisaba kwa kamera za mitego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba karibu asilimia 11 ya chui wote duniani ni weusi, wengi wao katika misitu ya mvua ya Asia ya Kusini-Mashariki. Laikipia ni kavu, na hilo ndilo linalowafanya wa kwetu wawe wa ajabu zaidi.

Kumtambua chui mweusi ni rahisi: subiri jua limpige ubavuni. Madoa yapo, yamezama ndani ya weusi. Ukiwa Aberdare na ukaona paka mweusi mwenye miguu mirefu, masikio makubwa na mkia mfupi, huyo si chui mdogo. Ni mondo mweusi, na kule juu kwenye baridi wanajulikana sana.

Jeni inayoleta weusi kwa chui, sawa na ile ya ualbino, hujificha. Wazazi wawili wa rangi ya kawaida wanaweza kuibeba bila dalili yoyote, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuionyesha. Hivyo ukimwona mmoja, watazame ndugu zake na uandike walivyo.

Pundamilia wana mambo yao. Septemba 2019, mwongoza watalii Antony Tira alimwona Maasai Mara mtoto wa pundamilia mweusi mwenye vidoa vyeupe badala ya milia, akapewa jina la Tira. Hapo melanini ipo tele. Kilichovurugika ni mpangilio wa milia. Duma anayeitwa duma mfalme, wa kusini mwa Afrika, ni kisa cha aina hiyo hiyo, madoa yake yameungana kuwa mistari minene. Kwa wanyama wa namna hii usihangaike na pua. Piga picha pande zote mbili za mwili, maana upande wa kushoto na wa kulia haufanani.

Ndege wana sheria zao

Kwa ndege sehemu ya rangi hutoka kwenye chakula. Heroe wa Nakuru na Bogoria ni waridi kwa sababu ya wanachokula majini. Manjano na wekundu wa ndege wengi hutoka kwenye karotenoidi, yaani rangi zilizomo ndani ya chakula, ambazo ualbino hauzigusi. Kwa hiyo mnana mwenye ualbino, wale wafumaji wa viota kwenye miti ya mitaani kwetu, angepoteza weusi wake wote na bado abaki na manjano. Wengi hudhani ndege wa namna hiyo hawezi kuwa na ualbino kwa sababu "ana rangi".

Kwa upande mwingine, kunguru au kanga mwenye manyoya mawili matatu meupe mara nyingi hana ualbino hata wa kuomba. Ualbino hauji kwa mabaka. Manyoya meupe machache yanaweza kutokana na jeraha, lishe mbaya wakati manyoya yanaota, ugonjwa au uzee. Andika ni manyoya yepi, kwa mfano "bawa la kushoto, mawili ya nje", kisha umtafute tena baada ya kubadilisha manyoya. Yakirudi meusi, umeshapata jibu. Ndege mwenye ualbino kamili ni nadra kumwona akiwa mkubwa: haoni vizuri, na melanini ndiyo inayoyaimarisha manyoya, hivyo ya kwake huchakaa upesi.

Kupiga picha na kuandika

Ndani ya mbuga ya Nairobi hutoki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na huachi barabara. Hakuna rangi ya mnyama inayobadilisha sheria hiyo. Zima injini ili gari lisitetemeke. Gusa skrini ya simu juu ya mwili mweupe wa mnyama, kisha shusha mwangaza kwa kidole hadi uone kivuli cha misuli. Ukiacha simu ijiamulie utapata doa jeupe lenye miguu. Piga moja akiwa na wenzake, moja ya uso, moja ya miguu, moja ya kila ubavu. Kama una darubini, weka lenzi ya simu kwenye tundu moja la kutazamia, halafu egemeza mkono dirishani.

Kwenye daftari naandika hivi: tarehe na saa, jicho, pua na midomo, kwato au makucha, sehemu zilizo nyeupe na zilizobaki na rangi, umri kwa makadirio, na wenzake wanavyomtendea. Hilo la mwisho wengi huliacha, nami nalipenda kuliko yote. Katika msitu wa Budongo, Uganda, mwaka 2018, watafiti walimwona sokwe mtu mchanga mwenye ualbino. Sokwe wengine waliitikia kwa sauti za hofu, za kutahadharishana, kisha wakamwua. Tofauti na hapo, wapo wanyama weupe wanaoishi ndani ya kundi bila yeyote kuwajali. Kama mama anamnyonyesha, kama wenzake wanamsafisha manyoya, kama anakaa pembeni peke yake juani au kivulini: yote hayo ni habari, na ni wewe uliyekuwapo.

Nani umwambie

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Machi 2020, wasimamizi wa Ishaqbini walitangaza kwamba yule twiga jike mweupe na mtoto wake wameuawa na majangili. Mifupa tu ndiyo iliyopatikana. Akabaki dume mmoja, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha GPS kwenye pembe, kinachotuma mahali alipo kila saa. Mnyama mweupe anaonekana na kila mtu, mwenye nia njema na mwenye nia mbaya.

Basi zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia getini. Ukiweka picha mtandaoni sema "Nairobi" au "Laikipia" tu, usitaje bwawa, njia wala namba ya makutano ya barabara, na kata mandhari inayotambulika: daraja la reli, minara ya mjini, jiwe lenye umbo la kipekee. Usirushe kwenye vikundi vya madereva. Najua, sisi ndio tunaopashana habari za simba kwa redio na simu, na mgeni akifurahi bahshishi inaonekana. Lakini magari ishirini yakimzingira mtoto asiyeona vizuri, mama yake ataondoka naye kuelekea asikokujua. Mwambie askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) getini, ana kwa ana, umwonyeshe picha na umpe mahali halisi. Kwa Karura, mwambie mlinzi wa msitu. Kwenye iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe ulivyoviona, unaweza kuweka taarifa yako huku ukificha mahali kamili. Kwa ndege tumia Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wanaoonekana nchini, na ukitaka macho ya wazoefu, nenda kwenye matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia makumbusho ya taifa. Huko utakutana na wazee wanaomtambua ndege kwa kikohozi chake.

Kuna anayeniulizaga kila mwaka kama mnyama kama huyo anaweza kukamatwa "ili alindwe" au azalishwe. Kumfuga mnyamapori bila kibali cha KWS ni kosa kisheria. Zaidi ya hapo, tazama walikofikia wenzetu: simbamarara weupe wanaofugwa duniani wamezalishwa kwa kujamiisha ndugu kwa ndugu ili weupe usipotee, na matokeo yake ni makengeza na viungo vilivyopinda. Snowflake, gorila mwenye ualbino aliyekamatwa Guinea ya Ikweta mwaka 1966 akaishi Barcelona, alikufa kwa saratani ya ngozi mwaka 2003; uchunguzi wa jeni zake baadaye ulionyesha wazazi wake walikuwa ndugu wa karibu. Mdogo wangu anapaka losheni ya kuzuia jua na kuvaa kofia pana kila akitoka nyumbani. Mnyama wa porini ana kivuli cha mgunga tu.

Na ukinitumia picha, tafadhali nitumie kama hati, usiitume kama picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha, na kitu cha kwanza kinachopotea ni jicho. Tuma ile ya asili, ambayo hujaikata wala kuipaka vichujio, na uniambie kwenye ujumbe wa kwanza pua ilikuwa na rangi gani.